Gari la Moshi la Makopo

Mmewaona watoto wa Korogwe wakiunga makopo kwa waya, na vipande vya ndara ndiyo magurudumu, kisha waliita gari la moshi. Huko Ulaya wako wazee wazima wafanyao kazi iyo hiyo katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, na kipimo wakipendacho sana ni 1 kwa 87.

Haya, tuhesabu. Reli ya Tanga upana wake ni mita 1. Kwa kipimo kile yawa milimita 11 na nusu tu. Lakini toka Tanga hata Korogwe ni kilometa 84. Hata ikipunguzwa hivyo yataka karibu mita 966! Chumba gani kitaitosha, isipozungushwa kama nyoka?

Nayo ile ya kweli ilianzwa mwaka 1893, ikafika Muheza 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya Kijerumani ikaitwaa 1899, ikafika Korogwe 1902. Mataruma hayakujipanga yenyewe.

Mimi nilipata kulikanyaga gari la mwanafunzi mmoja, nikidhani ni uvivu. Hakuleta tena kitu darasani. Basi, mwalimu wa Handeni, ambako reli hiyo haikupita, ukiletewa la makopo, mpe mtoto kipimo, umwulize: shule yetu, ikipunguzwa vivyo hivyo, itakuwa na urefu gani?