Kazi ya Mikono Miwili, Majina Mawili

Masharti ya maonyesho ya kazi za mikono ya wanafunzi yamebandikwa tena kwenye ubao wa matangazo, na sharti la nne halijaguswa: kazi iwe imefanywa na mshiriki mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Naomba lifutwe. Sisemi lipunguzwe makali, nasema lifutwe, na mahali pake pawekwe mstari mmoja tu kwenye kadi ya kazi: "Amemalizia", halafu nafasi ya kuandika jina.

Niseme mapema kwamba nina maslahi hapa. Mimi ni mmoja wa hao wanaomalizia.

Niko mwaka wa tatu, nasomea ualimu, na tangu mwaka wa kwanza bumu likikata nashona. Sishoni magauni wala sare. Naletewa mifarishi. Najua wengi wenu mnaita kwilti, au "lile shuka zito la viraka", lakini neno mfarishi limo kwenye kamusi na nalipenda. Mtu anakusanya vipande vya vitenge na kanga, anaviunga kimoja kimoja kwa sindano ya mkono, jioni baada ya jioni, mpaka anapata uso wa kitanda cha tano kwa sita. Akifika hapo anakwama. Uso peke yake hautumiki, unahitaji kitu cha joto katikati na kitambaa cha mgongo, halafu tabaka zote tatu zishonwe pamoja zisitembee. Kazi hiyo ndiyo inayokuja kwangu, kwenye baraza ya shangazi, Sinza, maana hosteli hakuna nafasi ya kutandika hata nusu yake.

Shughuli yenyewe haina siri. Natandika mgongo sakafuni, upande mzuri ukitazama chini, naubana pembeni kwa selotepu usikunjike. Juu yake naweka blanketi jepesi, juu ya blanketi uso wa mteja. Napiga bandi kote kwa mkono, mistari mirefu iliyoachana kiasi cha kiganja, ambayo baadaye yote itafumuliwa. Ndipo naupeleka kwenye cherehani. Unaanza katikati na kwenda nje. Ukianzia pembeni, kitambaa kilicholegea kinasukumwa na kujikusanya katikati, na kikishajikusanya hakuna dawa ila kufumua. Shida kubwa ya cherehani ya kawaida ni shingo yake. Kati ya sindano na mwili wa mashine kuna kama inchi saba, na humo unatakiwa upitishe kitu cha futi tano kilichoviringishwa kama mkeka. Kila mstari nageuza kutazama chini kama uzi wa bobini umelegea. Mwisho ni pindo. Ni jioni mbili, mara nyingine tatu, na mabega yanauma kana kwamba nimetwanga. Natoza elfu thelathini, uzi wangu, blanketi na mgongo vya mteja. Mtu ananiambia eti, "Si unapitisha mashine tu?" Hiyo "tu" ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mgongo, wateja wengi hununua marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Jina hilo lina historia: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Unguja karne ya 19, na mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini 1833. Natoka nje ya mada, lakini kidogo tu, kwa sababu huko kilikotoka kitambaa kazi yangu ina mashine yake maalumu, na ina ubishi wake ambao umeshapiganwa na kupoa.

Marekani kuna watu ambao ajira yao ni kumalizia mifarishi ya wateja. Mashine yao ina shingo ndefu na imepandishwa kwenye reli juu ya fremu inayoweza kufika futi 10 au 12. Mfarishi unakazwa kwenye rola, na fundi anashika mashine kwa vishikio na kuitembeza juu ya kitambaa kama anayeandika kwa kalamu. Sisi tunasukuma kitambaa chini ya sindano, wao wanatembeza sindano juu ya kitambaa. Bei mara nyingi ni kwa inchi ya mraba: mfarishi wa inchi 60 kwa 80 una inchi 4,800, unazidisha hapo. (Nilijaribu hesabu hiyo kwa wateja wangu nikaona tutagombana, nikarudi kwenye bei ya kitanda.)

Ubishi wao ulikuwa huu. Kwa muda mrefu mfarishi wa kuheshimiwa ulikuwa ule ulioshonwa kwa mkono mpaka mwisho. Mwaka 1989, kwenye mashindano ya Paducah, Kentucky, tuzo kuu ilikwenda kwa Caryl Bryer Fallert kwa mfarishi ulioshonwa kwa mashine, wa kwanza wa aina hiyo kuipata pale, na haikukosa kelele. Waliopeleka kazi zao kwa mafundi wa mashine ndefu walisemwa hata zaidi: eti wanashona kwa hundi, yaani kazi yao ni kuandika hundi ya malipo. Ninachowasifu ni walivyotoka hapo. Hawakuwafukuza. Maonyesho mengi yaliweka kundi la kazi za watu wawili, na kadi inataja aliyeunga uso na aliyeshona tabaka. Aliyelipa fundi hana tena cha kuficha, na fundi ana jina.

Wala si lazima tuvuke bahari. Mwenzangu wa chumba ni mtu wa Unguja. Kwao kofia ya mkono anaichora mmoja, anashona tundu zake mwingine, na mara nyingi anayeunga utepe na kichwa chake ni mtu wa tatu, bado hujafika kwa wa kufua na kutia wanga. Sijasikia mtu akisema kofia ile si ya mkono kwa sababu mikono ilikuwa mingi.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili kwangu si la cheti cha ushindi tu. Mwaka jana alinijia mama mmoja wa makamo kutoka Kimara na mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na uso uliounganishwa robo tatu, sindano yenye kutu bado imechomekwa pale mshonaji alipoishia. Ulikuwa wa marehemu mama yake. Nikamwamkia, tukakaa, tukautandaza. Kona hazikukutana. Mistari ilikuwa imenyooka upande wa kushoto, halafu kadiri unavyokwenda kulia inapinda, mishono inakuwa mirefu na mibaya. Kwa fundi hiyo ni kazi ya saa mbili: unafumua upande wa kulia, unanyoosha, unaunga upya. Nikamuuliza, "Mama, nisawazishe huku?"

Akasema, "Hapana mwanangu. Huku macho yalishaanza kumwacha. Paache hivyohivyo."

Nikaunga robo iliyobaki kwa mkono, kwa vipande alivyokuwa amevikata mwenyewe, kisha nikashona tabaka kwa mistari ya kawaida iliyofuata mpindo wake. Kitambaa kilicholegea nilikituliza kwa pasi ya mvuke na kwa kusogeza mistari karibukaribu. Aliponilipa aliniomba nishone kona ya chini jina la mama yake, na chini yake langu. Nikamwambia langu si lazima. Akanijibu kwamba wajukuu wakiuliza robo ile ya mwisho imeshonwa na nani, yeye hataki kudanganya.

Huyo mama hakusoma masharti ya maonyesho yetu, lakini jambo analijua kuliko kamati. Sharti la nne lingemtaka afanye mojawapo ya mawili: aufiche mfarishi ndani, au aseme uongo kwenye kadi.

Na uongo ndio tunaouzalisha, jamani. Mwaka jana wateja wangu watatu walishiriki. Wote waliunga nyuso zao wenyewe, niliwaona vimbwetani wakishona badala ya kusoma desa. Wote niliwamalizia mimi. Wote kwenye kadi waliandika "nimeshona mwenyewe", wakaniomba nisipite karibu na meza zao siku hiyo. Siwalaumu. Sharti limeandikwa kana kwamba kila mwenye mkono mzuri ana na cherehani nyumbani. Binti aliyetoka kwao na begi moja, anayelala wanne chumbani, ana vidole na ana subira, mashine hana. Mwenye mashine kwao anamaliza mwenyewe na kushinda kihalali. Tunadhani tunapima ufundi, kumbe sehemu kubwa tunapima nani kwao kuna cherehani.

Kuna wanaonijibu kwamba mlango huu ukifunguliwa watu watanunua kazi nzima Kariakoo na kuandika "amemalizia fulani". Hoja hii naiheshimu kidogo. Lakini anayetaka kudanganya anadanganya sasa hivi, na sharti la nne linamsaidia, maana linawaweka kundi moja yeye na binti niliyemshonea pindo. Wote wawili wanaficha mtu. Jaji mwenye macho akipewa majina mawili atamuuliza kila mmoja swali lake: wewe uliunga vipi vipande hivi, na wewe mistari hii uliianzia wapi? Asiyeweza kujibu atajulikana. Ukimpa jina moja hana hata pa kuanzia.

Sisi wa ualimu tuna sababu zaidi ya kulifikiria. Kwenye saikolojia ya elimu tunakariri jukwaa, lile wazo la Wood, Bruner na Ross la 1976, kwamba anayefundisha humsaidia mwanafunzi pale asipofika, kama jukwaa la mafundi ujenzi, na msaada huondolewa kadiri anavyoweza mwenyewe. Tunaliandika kwenye mtihani, tunapata alama, tunatoka nje na kuishi kinyume chake. Angalia ripoti zetu za utafiti. Shukrani zinaanza na Mwenyezi Mungu, wazazi, msimamizi, mpaka mchumba. Yule kijana wa steshenari ya getini aliyekaa usiku akipanga majedwali na namba za kurasa hayumo. Na kwa sababu hayumo, hakuna anayejua alisaidia wapi na kuishia wapi. Mmoja alipangiwa kurasa, mwingine aliandikiwa sura ya nne yote, na ukimya wao unafanana. Mimi ningependa kuona kila ripoti ikisema: uchapaji na majedwali, fulani. Aliyeandikiwa sura nzima angekosa pa kujibanza.

Nilikwenda mazoezi ya kufundisha mwaka jana na nikaliona jambo lilelile kwa watoto wa kidato cha pili. Unampa mwanafunzi daftari lililosahihishwa kwa kuandikiwa jibu zima kwa wino mwekundu, anafurahi, lakini insha si yake tena. Ukimwekea alama pale sentensi ilipokatika na kumwacha aiunge, inabaki yake, mbovu kidogo. Kazi ya kumalizia inanifundisha hilo kuliko somo lolote. Napoletewa uso wenye kona zisizokutana, mkono unawasha. Nauliza kwanza. Mshono uliofumuka nitauziba, maana ukiachwa mfarishi utachanika ukifuliwa mara mbili. Rangi zisizopatana siziongelei, wala ua lililokaa kichwa chini. Hayo ni ya mwenyewe.

Kwa hiyo ninaloiomba kamati si kubwa. Kadi iwe na mistari miwili badala ya mmoja. Kuwe na kundi la kazi za mtu mmoja, na kundi la kazi za watu wawili au zaidi, kila moja na zawadi yake, hata kama ya pili itakuwa ndogo. Majaji waruhusiwe kumwita aliyemalizia na kumuuliza. Tukifanya hivyo, hata kijana anayechonga fremu za picha za wenzake, hata dada anayefunga shanga za hereni zilizotungwa na mwingine, atajitokeza. Wapo, nawafahamu, na kila mwaka siku ya maonyesho wanakaa hosteli.

Barazani kwa shangazi kuna nyuso tatu sasa hivi. Moja ni ya harusi, inatakiwa mwisho wa mwezi. Mbili ni za wenzetu humuhumu chuoni, wanataka kuzileta kwenye maonyesho, na wote wawili wameniuliza waandike nini kwenye fomu. Nimewaambia waandike jina lao, mkato, na jina langu. Fomu zinarudishwa Ijumaa.