KOZI ISEME ITAFUNDISHA NINI, NA MTIHANI UPIME HILO HILO



Siku hizi kozi ni nyingi. Zinaletwa karakanani, na zinaletwa hata ufukoni hapa Luanda Kotieno. Chama chetu hakipingi kozi. Mfanya kazi asiye na ujuzi hana nguvu mbele ya mwajiri, na mwenye ujuzi bila cheti hulipwa kama kibarua. Lakini ni haki yetu kuuliza kwanza: mtu akimaliza kozi hii, ataweza kufanya kazi gani ambayo jana hakuiweza?

Tutoe mfano. Kozi moja ya injini za boti ililetwa hapa kwa siku tatu. Karatasi yake ilisema kwamba wanafunzi "watafahamu injini." Siku ya mwisho wakapewa maswali ya kuandika, yote kwa Kiingereza. Kijana ambaye hajawahi kushika spana alipata alama nyingi na cheti. Mzee anayeweza kufungua na kufunga kabureta gizani alishindwa. Je, nani kati yao utamkabidhi boti yenye abiria kuvuka kwenda Mbita?

Hatumlaumu kijana wala mzee. Tunalaumu mpango wa kozi. Neno "kufahamu" halina kipimo. Kama karatasi ingesema: "Mwanafunzi ataweza kutafuta sababu ya injini kukataa kuwaka, kuanzia petroli hadi plagi na kabureta, airekebishe kwa vifaa vilivyomo botini, na aiwashe kwa muda wa dakika 30," kila mtu angejua wajibu wake. Mwalimu angetumia siku nyingi kwenye injini na saa chache ubaoni. Mwanafunzi angejua ajizoeze nini. Na mtahini angeitia injini kasoro kwa makusudi, ashike saa, atazame.

Fikra hii si ngeni. Mwaka 1949 Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, aliandika kwamba mwenye kupanga masomo aanze na madhumuni, atafute mazoezi ya kuyafikia, ayapange vizuri, kisha apime kama madhumuni yametimia. Hapa Kenya, mafundi wanaijua mitihani ya gredi, ya Tatu, ya Pili na ya Kwanza, inayosimamiwa na NITA, yenye kituo chake Kisumu. Tena tangu Sheria ya Mafunzo ya Ufundi ya mwaka 2013, vyuo vimeanza kufuata mpango wa umahiri: kipimo cha kila kazi huandikwa mapema, na mtu huambiwa ameweza au bado hajaweza. Mpango huo tunauunga mkono, mradi usiishie kwenye makaratasi.

Wengine watasema kwamba tunadharau kusoma na kuandika. Sivyo. Kama kazi inadai kujaza daftari la safari, mtihani udai hivyo. Lakini kama kazi haidai Kiingereza, Kiingereza kisiwe ukuta wa kumzuia fundi asipande gredi. Aulizwe kwa Kiswahili au kwa Kijaluo, naye ajibu kwa mikono yake.

Jambo hili linahusu maisha ya watu.  Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, upande wa Tanzania. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Hatusemi kwamba kozi ingezuia yote. Tunasema kwamba kuandika maana ya neno "usalama" hakutoshi. Nahodha apimwe akiwa mlangoni pa chombo, watu wanasukumana, mwenye chombo anataka nauli, naye aonyeshe kwamba anaweza kuhesabu na kusema: basi, chombo kimejaa.

Kumbukeni pia kwamba waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi. Fedha hizo zimewekwa kwa ajili ya ujuzi wenu, na si za kununulia vyeti vya kutundika ukutani.

Kwa hiyo, kabla mwanachama hajapelekwa kwenye kozi yo yote, mjumbe wa tawi aombe karatasi yake na aulize mambo matatu. Kwanza, imeandikwa waziwazi mtu ataweza kufanya nini? Pili, atapewa vifaa na muda wa kutosha kujizoeza jambo hilo? Tatu, mtihani utapima jambo hilo hilo? Na wazee wetu wenye ujuzi wa miaka mingi wapimwe kazi yao moja kwa moja, kwa kuwa mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini umekwisha kuanzishwa nchini.

Likikosekana jibu moja, kozi irudishwe ikatengenezwe. Leteni karatasi hizo katika mkutano wa tawi, tuzisome pamoja.