UDONGO UWAHI UNGALI MAJI

Mtoto wa mjini Unguja leo aijua bei ya fungu la mchicha kabla hajaujua mche wake. Hutumwa sokoni akahesabu chenji bila ya kukosea. Lakini muulize bamia hutoa ua la rangi gani, atacheka akidhani mwamfanyia mzaha. Hatumlaumu mtoto. Twajilaumu sisi wakubwa, tuliomlea juu ya ardhi ambayo hatukumwachia hata pima moja ya kuchimba.

Mji umejaa. Katika sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Katika sensa ya 2022 walifika 893,169. Katika miaka kumi wameongezeka karibu laki tatu. Watu hawa lazima wapate pa kulala, wala hakuna mwenye akili atakayeilaumu nyumba kwa kujengwa. Lakini ule ua wa nyuma, ambamo bibi zetu wa Ng'ambo walikuwa na mpapai wao na mrehani wao, umekuwa chumba cha kupangisha. Na viwanja vingi tulivyochezea sisi vimekuwa maduka na maegesho ya magari.

Wapo watakaotujibu kwamba mji una bustani. Kweli unazo. Bustani ya Forodhani, ambayo wakati wa ukoloni iliitwa Jubilee Gardens, ilifunguliwa tena mwaka 2009 baada ya kutengenezwa upya, nayo ni pambo la mji. Lakini ile ni bustani ya kutazama na kupunga upepo. Mtoto akichimba shimo pale atafukuzwa, na atafukuzwa kwa haki. Sisi twadai bustani ya namna nyingine: ya mtaa, ambamo kila mtoto ana tuta lake, jembe lake dogo na zamu yake ya kumwagilia.

Faida yake si ndogo. Mchicha ukisiwa leo, baada ya wiki nne hivi huchumwa. Na mtoto wa miaka minane aweza kungoja wiki nne. Humo hujifunza subira, na hujifunza kwamba aliyelala zamu yake huharibu kazi ya wenziwe. Huona kwa macho yake tafauti ya Masika na Vuli, na hufahamu kwa nini mvua ikichelewa mboga hupanda bei. Hatusemi kwamba matuta ya watoto yatalisha mji. Asemaye hivyo adanganya. Lakini visiwa vyetu hununua nje sehemu kubwa ya chakula chake, na watu waliosahau kupanda huwa daima wageni wa anayewalisha.

Wala jambo hili si ndoto. Huko Brooklyn katika mji wa New York, ambako ardhi ni ghali kupita kiasi, mwalimu Ellen Eddy Shaw alianzisha bustani ya watoto mwaka 1914 ndani ya Brooklyn Botanic Garden. Ina ukubwa wa eka moja hivi. Watoto hupanda, hupalilia, na mavuno huchukua makwao. Vimepita vita vikuu viwili na zaidi ya miaka mia moja, na bustani ingalipo. Imedumu kwa kuwa ina mahali pake na walimu wake, haikuachiwa hisani ya mpita njia.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kuanzisha bustani ni kazi nyepesi. Huja mgeni wa heshima, hupandwa mche mmoja, hupigwa picha, hutundikwa kibao. Baada ya mvua mbili huja mtu na kamba ya kupimia, kisha matofali, na watoto huambiwa wakacheze kwengine. Bustani isiyo na hati ni kiwanja kinachongoja mjenzi.

Sheria ya 1992 inasema kwamba ardhi ya asili ni mali ya umma. Basi twauliza: watoto si umma? Twadai kila shehia ya mjini itengewe kipande kwa maandishi, kipimwe, kitiwe katika ramani, kiwe na mfereji wa maji, na kisigeuzwe matumizi bila ya wakaazi kuulizwa hadharani. Skuli za ghorofa zinazojengwa sasa huokoa nafasi kwa kwenda juu. Nafasi iliyookolewa chini isipewe magari peke yake.

Watu wa Ng'ambo waijua thamani ya kiwanja. Mwaka 1928 wapangaji wa viwanja walikataa kulipa kodi ya ardhi, na wakubwa wa zama zile wakajua kwamba mnyonge naye ana sauti. Lakini wale walikuwa watu wazima. Mtoto hagomi, hapigi kura, wala haandiki barua kwa Manispaa. Asiposemewa na mzee wake hana wa kumsemea.

Nasi tusijitoe katika lawama. Tukikaa tukaisubiri Serikali tu, Masika yatapita na mengine yatapita. Kila tawi letu lina mwanachama ajuaye kilimo, na lina mama ajuaye kuhifadhi mbegu. Hesabuni viwanja vilivyobaki wazi katika mtaa wenu, mwendeeni Sheha kwa adabu, zungumzeni na mwalimu wa skuli na wa madrasa, tegeni maji ya mvua kwenye mapipa. Na jambo moja twalisisitiza kwa nguvu: bendera yetu isitundikwe katika bustani hiyo, wala ya mwengine yeyote. Mtoto wa jirani ambaye baba yake anatupinga apewe tuta sawa na mtoto wetu. Siasa imeshawatenga watu wa visiwa hivi kiasi cha kutosha. Isiwafuate watoto mpaka kwenye mchicha.

Ndugu wanachama, kiwanja kikishajengwa hakirudi. Tuwahi sasa, udongo ungali maji.