Binti wa Bomani na elimu ya farasi



Barua iliyotufikia safari hii imeandikwa kwa mkono, kurasa mbili na nusu, na mama mmoja wa Bomani, Tarime. Binti yake amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa Kemia, Biolojia na Jiografia, na Alhamdulillah amefaulu vizuri. Jamaa walitarajia achague ualimu au uuguzi. Yeye amesema anataka kusoma elimu ya farasi chuo kikuu, kisha afanye kazi katika mashamba ya farasi. Wajomba wamecheka. Baba hakucheka: amekutana na wakala wa vyuo vya nje aliyemwambia nafasi ipo, ila malipo ya kwanza yatolewe kabla ya mwisho wa mwezi. Sasa baba anapanga kuuza ng'ombe wanane na kipande cha shamba la kahawa. Mama anatuuliza mambo mawili. Je, kazi hiyo ipo kweli? Na je, ni kazi ya halali?

Tunakiri kwamba tulipoisoma barua hiyo mara ya kwanza, nasi tulitabasamu pamoja na wajomba. Bomani kuna ng'ombe, mbuzi na punda, farasi haonekani. Lakini kutokuwepo kwake kuna sababu, na sababu hiyo ni somo la kwanza la elimu anayoitafuta binti huyu. Upo ugonjwa uitwao ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, wale wadudu walio wadogo kuliko mbu. Ukimwingia farasi kwa sura yake ya mapafu, zaidi ya tisa katika kila kumi hufa. Punda milia hubeba virusi vyake bila kuugua, na wilaya ya Serengeti iliyo jirani ina punda milia wasiohesabika. Ongeza mbung'o na ugonjwa wa nagana, utaelewa kwa nini farasi hakuweka makazi katika nchi hii. Wajerumani walipoitawala Tanganyika walijaribu hata kuwafuga punda milia ili wawafanyie kazi za farasi, na jaribio lile halikufika mbali. Chanjo ya ugonjwa huu ilipatikana baada ya kazi ndefu ya maabara ya Onderstepoort, Afrika ya Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1908. Anayecheka kwamba Bomani hakuna farasi anacheka jambo ambalo wataalamu wamelitolea umri wao.

Tuje kwenye chuo. Hapa panahitaji uangalifu, kwani tunahofia kwamba wakala hakumweleza baba tofauti iliyopo kati ya njia mbili. Njia ya kwanza ni shahada ya sayansi ya farasi, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Aberystwyth huko Wales, au ile ya Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani. Humo mwanafunzi husoma mwili wa farasi na mazoezi yake, malisho, uzazi, na uendeshaji wa mabanda na biashara yake. Ni elimu ya kweli na yenye manufaa pale penye farasi wengi. Lakini aliyeihitimu si daktari wa wanyama. Akirudi Tanzania hawezi kusajiliwa na Baraza la Veterinari kuwa daktari, kwa kuwa sheria ya mwaka 2003 inamtaka mwenye shahada ya udaktari wa wanyama. Njia ya pili ni hiyo ya udaktari. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huifundisha kwa miaka mitano, na ng'ambo ya mpaka wa Sirari Chuo Kikuu cha Nairobi huifundisha katika kampasi yake ya Kabete. Daktari huyo husoma ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa, na farasi na punda wamo. Akitaka baadaye kubobea katika farasi peke yake, mlango wa shahada ya pili hauwi umefungwa.

Mama, kazi zipo, ila si nyingi na haziko Bomani. Jeshi la Polisi la Tanzania lina kikosi cha mbwa na farasi. Kenya ina uwanja wa mbio wa Ngong, vilabu vya polo, na kikosi cha polisi cha kupambana na wizi wa mifugo chenye makao Gilgil, ambacho askari wake hutumia farasi na ngamia kuwafuatia wezi. (Watu wa Tarime, ambako wizi wa ng'ombe ulichangia kuundwa kwa kanda maalumu ya kipolisi, watatuelewa tunapolitaja hili.) Pande za Arusha na Kilimanjaro wapo wanaowapandisha watalii farasi. Huko Ghuba, farasi ni fahari ya nchi, na ndugu zetu wa Oman hawahitaji kuelezwa. Ikumbukwe kwamba mwaka 1840 meli ya Seyyid Said, Al-Sultanah, iliyotia nanga New York, ilibeba farasi wawili wa Kiarabu miongoni mwa zawadi za Rais wa Marekani. Hata hivyo, nafasi nyingi mabandani ni za saisi: kuamka kabla ya Alfajiri, kufagia, kulisha, kusugua manyoya, kukagua kwato. Ni kazi ya heshima kwa anayeipenda, lakini haihitaji shahada, wala haihitaji kuuza ng'ombe wanane.

Swali la pili lina uzito zaidi, na tunamshukuru mama kwa kuliuliza mapema. Farasi mwenyewe hana shaka. Surat An-Nahl inamtaja pamoja na nyumbu na punda kuwa neema ya kupandwa na pambo, na Surat Al-Adiyat imepewa jina kwa ajili ya farasi wanaokwenda mbio. Katika Kairo ya zama za Mamluki, Abu Bakr ibn Badr, tabibu wa farasi wa Sultani an-Nasir Muhammad, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu wa farasi. Shaka iko kwenye fedha. Mashindano mengi duniani huendeshwa kwa pato la kamari, na kamari imeharamishwa bila utata. Wanazuoni wameruhusu mbio za farasi na tuzo yake, kwa masharti wanayoyaeleza, hasa pale tuzo inapotolewa na mtu asiye miongoni mwa washindani. Kombe la Dunia la Dubai, linalokimbiwa tangu mwaka 1996, huendeshwa bila kamari uwanjani. Kwa hiyo daktari anayemtibu farasi mwenye kichomi cha tumbo hayuko sawa na anayekaa dirishani akipokea fedha za wachezaji. Baina ya hao wawili wapo wengi, na kwa hao tunamshauri binti amwendee sheikh wake na mkataba wa kazi mkononi, amwonyeshe ni nani anayemlipa na kwa fedha ipi. Masuala ya mahram na makazi ya binti ugenini nayo yaulizwe hapo hapo, yasisubiri siku ya kupanda ndege.

Sasa tuseme lile lililotufanya tuichague barua hii kati ya nyingine. Mama anaandika, kama jambo la kupita, kwamba binti huyu tangu utotoni huosha vidonda vya punda wa jirani kwa maji ya chumvi, na kwamba aliwahi kugombana na vijana waliompakia punda mwenye mimba magunia ya mahindi. Tumelisoma neno hilo tukaacha kutabasamu. Punda ni jamaa wa farasi wa karibu mno. Kwato ni zilezile, meno ni yaleyale yanayokua na kuhitaji kusawazishwa, tumbo ni lilelile lisiloweza kutapika, kiasi kwamba chakula kibaya humwua. Tofauti zipo, nazo ndizo elimu yenyewe: punda huficha maumivu, hata asiyemjua hudhani ni mzima mpaka siku anapolala, na dawa kadhaa hutoka mwilini mwake upesi kuliko mwilini mwa farasi, hivyo kipimo cha farasi hakimfai.

Nani anamtibu punda wa Sirari anayebeba maji, kuni na mahindi tangu alfajiri? Tumezoea kusema punda afe, mzigo ufike, na tumeitendea kazi methali hiyo kuliko ilivyostahili. Wakati huohuo Muadh bin Jabal (r.a.) alipanda nyuma ya Mtume (s.a.w.) juu ya punda aliyekuwa na jina lake, Ufayr. Lamu, mji wa Waislamu ambao vichochoro vyake havipitishi gari, ina kituo cha kutibu punda tangu mwaka 1987, kilichofunguliwa na shirika kutoka Uingereza. Tunashukuru kwa wema huo, lakini inatuuma kidogo kwamba ulilazimika kuvuka bahari.

Tena punda yuko hatarini. Ngozi yake huchemshwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na kwa ajili hiyo machinjio yalifunguliwa Tanzania na Kenya, na wizi wa punda ukaongezeka vijijini. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, hivyo pengo halizibiki haraka. Desemba 2022 wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kulijadili suala hili, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Marufuku yanahitaji watu wa kuyasimamia katika minada na mipakani, na mpaka mmojawapo uko dakika chache kutoka Bomani.

Rai yetu kwa baba ni hii. Asilipe chochote mwezi huu. Jina la wakala na la chuo ayapeleke Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo huwatambua mawakala wenye kibali na kuithamini shahada ya nje. Binti aombe udaktari wa wanyama Sokoine. Mkopo wa serikali upo kwa wenye sifa, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyowatia Waislamu wengi wasiwasi wa riba, iliondolewa mwaka 2021. Asipopata nafasi, vyuo vya Wakala wa Mafunzo ya Mifugo vinatoa stashahada, na Mabuki, mkoani Mwanza, ndiyo kampasi isiyo mbali sana na nyumbani.

Na kabla chuo hakijafunguliwa, aende kwa afisa mifugo aombe kumfuata siku za mnada, akiwa na kaka yake. Ajifunze kushika mguu wa punda bila kupigwa teke. Mama atuandikie tena, atuelezee siku ya kwanza ilikuwaje.