Mtoto wa Kolwezi apewe ndege ya kufungua, si droni ya kutazama

Ndege ndogo za rimoti, zile za povu ambazo mtu anayeanza hununua zikiwa ndani ya boksi, huja na kijitabu kinachoahidi kwamba zitapaa baada ya hatua chache tu. Ahadi hiyo inamfaa zaidi mtu wa Mombasa au Dar es Salaam. Kolwezi iko kati ya mita 1,400 na 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja kati ya saba. Bawa linapata hewa kidogo ya kuliegemea, pangaboi linapata hewa kidogo ya kusukuma. Ndege yenye mota dhaifu inakimbia vumbini, inainua pua, kisha inarudi chini kama kuku aliyefukuzwa.

Ndiyo maana kuifanyia mabadiliko ndege ya namna hiyo si pambo mjini Kolwezi. Ni sharti la kuruka. Na katika sharti hilo kuna somo ambalo Mkoa wa Lualaba, unaotoa shaba na kobalti kwa dunia nzima, haujajua kulitumia.

Tengenezo la kwanza halina gharama: kusogeza betri mbele au nyuma mpaka ndege ikae sawa juu ya vidole viwili vilivyowekwa chini ya bawa, kati ya robo na theluthi ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Vijana wengi huliruka hili na kukimbilia mota kubwa. Hapo hupotea pesa, kwa sababu ndege nzito mkiani ikiongezewa nguvu huanguka kwa kasi zaidi, basi. La pili ni pangaboi pana kidogo, huku ukigusa mota kila baada ya mruko mfupi kuona kama inachemka. Mengine, kama kukata vibawa vidogo nyuma ya bawa ili ndege iweze kulala upande, yanaweza kungoja hadi mrushaji ajue kutua.

Halafu ndipo inapofika zamu ya mota na betri, na hapo Kolwezi yenyewe inaingia ndani ya ndege. Mota ya bei rahisi yenye brashi za kaboni huondolewa, na mahali pake huwekwa mota isiyo na brashi, ambayo ndani yake ni sumaku na nyuzi za shaba zilizosukwa. Betri ya zamani ya nikeli huondolewa na kuwekwa ya lithiamu, inayotoa nguvu nyingi zaidi kwa uzito uleule. Betri nyingi za aina hiyo hutumia unga wa oksidi ya lithiamu na kobalti, na kwa uzito, takriban asilimia 60 ya unga huo ni kobalti.

Kongo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa hutoka Lualaba. Inaondoka kama tope lililokaushwa, ndani ya magunia makubwa juu ya malori, inapita Kasumbalesa hadi bandari za Durban au Dar es Salaam, na kwa kawaida inasafishwa China. Kurudi kwake kama betri ni shida nyingine. Tangu Aprili 2016 kanuni za kimataifa zinakataza betri za lithiamu zikiwa peke yake kubebwa kama mizigo katika ndege za abiria. Kijana wa Kolwezi anaona malori yakipita na kobalti, lakini betri ya gramu 200 inayotengenezwa nayo ni kazi kuipata.

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni za migodi kutenga asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na uchimbaji. Mara nyingi miradi inayosifiwa ni ile inayoweza kupakwa rangi na kuandikwa jina ukutani: madarasa, zahanati, visima. Vyote vinahitajika. Lakini mtoto anayemaliza shule ndani ya darasa hilo jipya bado anakuta mlango wa kazi ya ufundi mgodini umefungwa, kwa sababu hajawahi kushika mita ya umeme wala pasi ya kulehemu.

Wapo watakaouliza: shule isiyo na madawati, ndege ya kuchezea ya nini? Swali ni la haki. Jibu lake ni hesabu tu. Ndege kumi za povu, chaja chache, mita na vifaa vya kulehemu havifiki bei ya tairi moja la lori kubwa la kubebea mawe ya mgodini. Hakuna dawati litakalokosekana kwa ajili hiyo.

Wengine watasema afadhali kununua droni zilizo tayari. Hapana. Droni ya dukani hujisimamisha yenyewe hewani na humfundisha mtoto kusogeza dole gumba. Ndege ya povu ikianguka inaeleza kwa nini imeanguka, na inagundishwa kwa gundi jioni hiyohiyo. Watoto wanaosuka vigari vya waya wanaijua kazi hiyo tayari. Hawajaongezewa tu umeme.

Wala povu si jambo la kuchekwa. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupiga ramani ya visiwa vyake kutoka angani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa warushaji. Ndege walizotumia zilikuwa na mwili wa povu. Ndege za namna hiyo hupima pia mashimo ya migodi na vilima vya mawe yaliyochimbwa. Malawi ilifungua chuo cha droni Lilongwe Januari 2020, kwa msaada wa UNICEF. Chuo Kikuu cha Kolwezi kiko jirani na migodi inayohitaji kazi hiyo kila mwezi.

Hatari zipo, na zisipunguzwe kwa maneno. Oktoba 2006 droni ya kikosi cha Ulaya ilianguka Kinshasa na kuua mtu. Mashariki mwa nchi droni zimetumika vitani, na mlinzi akiona kitu kinaruka karibu na mgodi hatauliza kama ni cha mwanafunzi. Kwa hiyo uwanja uwe nje ya mji, mbali na uwanja wa ndege na mbali na migodi, kwa kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na kwa taarifa kwa polisi. Betri nazo ni moto uliofungwa: zisichajiwe bila mtu kuangalia, zisishushwe chini ya volti 3 kwa kila seli, iliyovimba isitumike tena, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Asubuhi za Juni na Julai Kolwezi huwa na baridi, na kati ya saa moja na saa tatu upepo unakuwa bado haujaamka. Ni saa nzuri za kurusha. Kamati zinazokaa na kampuni kupanga miradi ya jamii zina muda wa kutosha kabla ya kiangazi kijacho kuongeza mstari mmoja kwenye orodha yao, chini ya visima na juu ya rangi ya ukuta.