UCHAMBUZI: Ngumi za barafuni ni hasira au ajira?

MNAMO Februari 15, 2025, katika uwanja wa Bell Centre jijini Montreal, timu za magongo ya barafuni za Canada na Marekani zilikuwa zimecheza kwa sekunde tisa pekee, na tayari mapigano matatu yalikuwa yameshuhudiwa. Mwamuzi alipoangusha paki, kile kisahani cha mpira mgumu kinachowaniwa kwa magongo, Matthew Tkachuk wa Marekani alivua glavu na kukabana na Brandon Hagel. Mchezo uliporejelewa, ilipita sekunde moja tu kabla ya nduguye, Brady, kuanza kurushiana makonde na Sam Bennett. Kisha ikawa zamu ya J.T. Miller na Colton Parayko.

Mashabiki waliokuwa wametoka kuuzomea wimbo wa taifa wa Marekani walishangilia kwa vifijo. Majuma hayo Rais Donald Trump alikuwa akitishia kuitoza Canada ushuru mkali na kudai kwamba jirani huyo anafaa kuwa jimbo la 51 la Marekani. Haikuwa ajabu, basi, kwamba wengi walisema hasira za siasa zilikuwa zimemwagika uwanjani.

Maelezo hayo yaliingia akilini upesi mno. Baadaye ilibainika kuwa akina Tkachuk na Miller walikuwa wamewasiliana kwa simu kabla ya mechi na kukubaliana watakachofanya. Kocha wao, Mike Sullivan, alisema mpango huo haukutoka kwa wakufunzi. Hagel naye aliwakejeli kwamba Canada haihitaji vikao vya simu ili kucheza. Marekani ilishinda 3-1. Siku tano baadaye mahasimu hao walikutana tena mjini Boston, safari hii katika fainali, na hakuna hata mmoja aliyevua glavu kupigana. Canada ilitwaa taji kwa mabao 3-2, Connor McDavid akifunga la ushindi katika muda wa ziada.

Iwapo ngumi za barafuni hutokana na damu kuchemka, mtu angetarajia zizidi pale ambapo kuna mengi zaidi ya kupoteza. Mambo huwa kinyume. Hata katika ligi kuu ya Amerika Kaskazini, NHL, mapigano hupungua msimu wa kawaida unapokwisha na mechi za mchujo kuanza, kwa kuwa hapo hakuna timu inayotaka kubaki na wachezaji pungufu. Mtu aliyepandwa na mori hana subira ya kuitazama ratiba.

Wanasaikolojia wana namna ya kulieleza jambo hili. Wao hutenganisha ukali unaotokana na hasira, ambao shabaha yake ni kumuumiza mlengwa, na ukali unaotumiwa kama chombo cha kupata kitu kingine: kuamsha timu iliyolala, kumtisha hasimu, au kulinda kandarasi. Mwaka 1939 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakiongozwa na John Dollard walitoa nadharia kwamba ukali ni zao la mtu kuzuiwa kufikia azma yake. Mchezo wa barafuni, ambapo wanaume wenye miili mikubwa hugongana kwa kasi ndani ya uwanja uliozingirwa kwa ukuta, una vizuizi tele. Hata hivyo, vizuizi hivyo vipo pia katika mashindano ya Olimpiki, ambako anayepigana hufukuzwa mechini, na huko ngumi ni nadra. Wachezaji wengi ni wale wale. Kilichobadilika ni gharama tu. NHL, kwa upande wake, humketisha mpiganaji nje kwa dakika tano, desturi iliyoanza mwaka 1922.

Watetezi wa desturi hiyo hushikilia kwamba ngumi ni kama kifuniko cha chungu: kisipoinuliwa mara moja moja ili mvuke utoke, chungu kitafurika. Wanadai kwamba bila mapigano ya ana kwa ana, wachezaji wangejeruhiana kisirisiri kwa magongo.

Hoja hiyo ilijaribiwa Machi 8, 2004, jijini Vancouver. Majuma matatu hivi awali, Steve Moore wa Colorado Avalanche alikuwa amemgonga na kumuumiza Markus Naslund, nahodha wa Vancouver Canucks. Waliporudiana, Moore alipigana na Matt Cooke katika kipindi cha kwanza. Kwa mujibu wa sheria zisizoandikwa za mchezo huo, deni lilikuwa limelipwa. Lakini katika kipindi cha tatu, Vancouver wakiwa wamelemewa kwa mabao mengi, Todd Bertuzzi alimfuata Moore, akampiga ngumi kutoka nyuma na kumwangukia. Moore alivunjika pingili tatu za shingo na hakucheza tena maishani. Bertuzzi alikiri shtaka la shambulio mahakamani, akapewa muda wa uangalizi wa mwaka mmoja na saa 80 za kuitumikia jamii. Kesi ya madai ilikokotwa hadi 2014 ilipomalizwa nje ya mahakama. Mvuke ulikuwa umetolewa, na chungu kikafurika vivyo hivyo.

Wanaotazama nao hawatulizwi. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1979 uliwalinganisha watazamaji wa magongo ya barafuni, mieleka na uogeleaji. Waliotazama michezo miwili ya kwanza waliondoka wakiwa na uhasama zaidi ya waliokuja nao. Wa uogeleaji hawakuonyesha ongezeko hilo. (Kuna pia utafiti maarufu wa 1988 uliodai kwamba timu zikivaa jezi nyeusi huadhibiwa zaidi, mfano mmojawapo ukiwa Pittsburgh Penguins, ila watafiti wa baadaye hawakubaliani juu yake.)

Kama ngumi si mvuke, basi hutoka wapi? Mwanasosholojia Michael Smith wa Chuo Kikuu cha York, Canada, aliyewachunguza wavulana wa mchezo huo katika miaka ya 1970, aliona kwamba hujifunza ukali kutoka kwa wale wanaotaka kuwapendeza: wazazi, wakufunzi, wenzao na mashujaa wa runinga. Ni somo, na kama somo lolote lile, lina walimu na zawadi.

Maisha ya Derek Boogaard yanaonyesha jinsi somo hilo linavyofundishwa. Alizaliwa Saskatoon, katika mkoa wa Saskatchewan, na utotoni alikuwa mrefu kuliko wenzake wote, ila hakuwa na wepesi. Alipokuwa na umri wa miaka 15, siku moja alivamia benchi la wapinzani na kuwatwanga aliowakuta. Wasaka vipaji wa Regina Pats walikuwemo uwanjani. Hawakuondoka kwa mshtuko; walimsajili. Mvulana huyo akawa ameelezwa waziwazi thamani yake ni ipi. Katika mechi 277 za NHL, akiwa na Minnesota Wild na kisha New York Rangers, alifunga mabao matatu pekee. Alikuwa baunsa wa timu, yaani mchezaji aliyelipwa ili wenzake wenye vipaji wasiguswe.

Vidole vyake viliharibika, mgongo ukamsumbua, naye akazama katika dawa za kutuliza maumivu. Alifariki Mei 2011 akiwa na miaka 28 baada ya kuchanganya dawa hizo na pombe. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston walipoupasua ubongo wake walikuta maradhi ya kudhoofika kwa ubongo yanayohusishwa na mapigo ya mara kwa mara kichwani, ya kiwango kilichowashangaza kwa kijana wa umri wake. Kabla ya msimu kuanza, mabaunsa wengine wawili, Rick Rypien na Wade Belak, walikuwa pia wamefariki.

Wanasayansi huonya, na kwa haki, kwamba ugonjwa huo huthibitishwa baada ya kifo pekee na si rahisi kusema ni tabia gani ulisababisha. Kamishna wa NHL, Gary Bettman, ameutumia mwanya huo kwa miaka mingi kukataa kwamba uhusiano umethibitishwa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wapiganaji wa NHL walioaga dunia walikufa miaka 10 hivi mapema kuliko wachezaji wenzao waliolinganishwa nao.

Kuna kisa kidogo kinachofichua mengi. Januari 2009 kijana wa miaka 21, Don Sanderson, alifariki Ontario baada ya helmeti yake kuvuka katika mapigano na kichwa kugonga barafu. Mwaka 2013 NHL ikaanza kumwadhibu anayevua helmeti yake ili apigane. Septemba hiyo hiyo Krys Barch wa New Jersey Devils na Brett Gallant wa New York Islanders walipata dawa ya sheria hiyo. Kila mmoja alimvua mwenzake helmeti, taratibu na kwa adabu kama vinyozi, kisha wakaanza kutwangana. Ni vigumu kuwaita watu hao walioshindwa kujizuia.

Kilichofundishwa kinaweza kuachwa kufundishwa. Msimu wa 2008-09 ulikuwa na mapigano zaidi ya 700 katika NHL. Kufikia 2018-19 hayakutimia 300. Tabia ya wanadamu haikubadilika katika miaka 10. Kilichobadilika ni hesabu: kasi ya mchezo iliongezeka, na timu zikaona hasara kumlipa mtu asiyeweza kufunga bao. Ajira ya baunsa ikayeyuka, na ngumi nyingi zikayeyuka nayo.

Nchini Kenya mchezo huu una wafuasi wachache, wengi wakiujua kupitia Ice Lions, timu ya Nairobi iliyosafiri hadi Canada mwaka 2018 na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kule Quebec, ligi kuu ya chipukizi iliamua mwaka 2023 kwamba anayepigana atolewe mechini papo hapo, baada ya shinikizo la serikali ya mkoa huo. Wavulana wa umri ambao Boogaard alisajiliwa kwa ajili ya ngumi zake sasa hufukuzwa kwa ajili ya ngumi hizo hizo.

Wale watakaovuka kutoka huko hadi NHL watakuta adhabu ni ile ile ya mwaka 1922: dakika tano kwenye kibanda cha pembeni, kisha mlango hufunguliwa na mchezaji kurejea barafuni.