Kazi ya karatasi ibaki Ukambani

Ukitaka nakala 50 za programu ya mazishi, duka lolote la saiba mjini Wote, Makueni, au mjini Kitui litakutolea kabla ya saa sita. Ukitaka vitabu 5,000 vya risiti, vilivyotiwa namba, vikashonwa na kukatwa kingo, utaambiwa kazi hiyo lazima ipande basi iende Nairobi. Ajira inapanda basi hilo hilo, huku viongozi wakiendelea kuwahutubia vijana kuhusu kujiajiri.

Tunazungumzia kazi zinazouzunguka mtambo wa kupiga chapa: kupanga kurasa, kukata, kukunja, kukusanya karatasi kwa mpangilio, kushona, kubandika jalada. Umoja wa Mataifa, unapoainisha shughuli za uchumi, umezipa fungu lake lenye namba 1812, kando na uchapishaji wenyewe ulio 1811. Huku kwetu zimebanwa kwenye pembe ya duka, pamoja na mashine ya lamineti, stepla kubwa na kijana anayekata karatasi kwa rula na wembe. Kijana huyo hana upungufu wa bidii. Hana gilotini, na hana kazi ya kutosha kuishughulisha gilotini hiyo siku nzima.

Kuchapa bila kumalizia ni sawa na kukanda unga wa chapati nyumbani kisha kuupeleka kijiji cha pili ukapikwe. Mpishi wa huko ndiye atakayelipwa.

Tumesikia sababu nyingi za kazi hii kwenda Nairobi. Ya kwanza ni kwamba karatasi inakufa. Kuna ukweli hapo. M-Pesa ilipoingia 2007 ilianza kupunguza haja ya risiti ya mkono, na eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, KRA, unazidi kuipunguza. Kadi ya harusi siku hizi hutumwa kwa WhatsApp. Marekani, ambako uchapishaji na huduma zake uliajiri zaidi ya watu 800,000 mwaka 2000, leo haiajiri hata nusu yao. Lakini anayeitaja Marekani aangalie pia kilichosalia huko: lebo na vifungashio bado vina soko, kwa sababu bidhaa haiuziki bila kuvikwa. Chupa ya asali ya Mwingi inahitaji lebo hata ikiagizwa kwa simu. Pakiti ya ndengu za Kitui inahitaji kuchapwa, kukatwa na kubandikwa. Makueni ilijenga kiwanda cha matunda pale Kalamba kwa sababu ilichoka kuona maembe yakiondoka mabichi na faida ikiwafuata wanunuzi. Hoja iliyojenga Kalamba ndiyo inayohitaji kumfikia mwenye duka la kuchapa.

Tena karatasi yenyewe haijafa vijijini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 Kitui na 987,653 Makueni. Watoto wa watu hao hufanya mitihani kwenye karatasi na kurudi nyumbani na ripoti fomu. Zahanati zina kadi za kliniki. Vyama vya akiba vina vitabu vya wanachama. Makanisa yana bahasha za sadaka. Kazi ipo, na tunaiona ikirudi kutoka Nairobi ndani ya maboksi.

Sababu ya pili ni kwamba mashine ni ghali. Kitui haiwezi kutuambia hivyo. Kaunti hiyo ilianzisha kiwanda cha nguo cha KICOTEC pale Syongila, kikashona sare za shule, na Covid-19 ilipobisha hodi mwaka 2020 kikashona barakoa. Walioweza kupanga safu za cherehani hawajashindwa na gilotini moja na mashine ya kushonea vitabu. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui imekwisha kuziunganisha kaunti za Makueni na Kitui, na zote zimo katika jumuiya ya kiuchumi ya SEKEB pamoja na Machakos. Karakana moja ya kumalizia kazi, ambapo wenye maduka madogo wanalipia saa za kutumia mashine, haihitaji mkutano wa wafadhili.

Ya tatu ni kwamba ujuzi haupo, na hii inatuudhi zaidi. Katiba ya 2010 ilivikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti. Basi kaunti, waalikeni mafundi wa vitabu waliozeeka na kazi hiyo waje wafundishe humo. Kukunja, kushona na kujalidi ni kazi ya mikono na jicho, na Ukambani, penye wachongaji na wasusi wa vyondo, hapana uhaba wa mikono wala macho. Na wale wanaodhani ukubwa wa kampuni ndiyo dhamana ya ubora wawaulize wapiga kura wa Kitui Rural. Mwaka 2022 karatasi za kura zilichapwa Ugiriki, na uchaguzi wao wa mbunge ukaahirishwa hadi tarehe 29 Agosti kwa sababu karatasi zilikuja na kasoro. Hatudai kura zichapwe Wote. Tunasema kupanga na kukagua karatasi ni kazi inayohitaji mtu makini, na mtu makini anapatikana hata Mutomo.

Sasa tuseme lile ambalo kila ofisi inalizunguka. Wenye kazi kubwa ya kuchapisha ni kaunti na shule, na namna wanavyonunua ndiyo inayowafungia nje mafundi wa nyumbani.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti iwekewe wakazi wa kaunti hiyo. Lakini zabuni ikitangazwa kwa jumla, vitabu, mabango, kalenda na fomu zote kwa mwaka mzima, ni nani wa Wote mwenye wafanyakazi wawili atakayeijaza? Ofisa atakujibu kwamba kugawanya zabuni ni kosa. Kugawanya ili kukwepa taratibu ndilo kosa. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kuitenga kazi katika mafungu yanayobebeka ili wafanyabiashara wadogo washiriki. Ofisa huyo anaijua sheria kuliko sisi.

Halafu kuna malipo. Tangu kiwanda cha karatasi cha Pan Paper cha Webuye kilipofungwa 2009, karatasi nzuri ya kuchapia kwa sehemu kubwa inatoka ng'ambo, na muuzaji anataka pesa taslimu. Mwenye duka ananunua karatasi leo, analipa umeme mwisho wa mwezi, analipa kijana wake Jumamosi, kisha anaketi kungoja hundi ya kaunti. Kufikia Juni 2023 kaunti za Kenya zilikuwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 160 ambayo hayajalipwa. Kampuni kubwa ya Nairobi inaweza kungoja, na gharama ya kungoja inaitia kwenye bei. Duka dogo likingoja linafunga. Kwa hiyo kaunti hununua kwa bei ya juu, inawapoteza mafundi wake, kisha inasema mafundi hawapo.

Lipeni ankara za uchapishaji za wakazi ndani ya siku 30. Ni fedha kidogo sana katika bajeti ya kaunti, na hakuna semina ya ujasiriamali inayoweza kufanya kazi ya malipo hayo. Mtu mwenye uhakika wa kulipwa atakwenda benki mwenyewe kukopa pesa za mashine.

Walimu wakuu hawana haja ya kumsubiri gavana. Shule zinazofanya mtihani wa pamoja zinaweza kuagiza karatasi na ripoti fomu kwa pamoja, mjini kwao, zikalipa karo inapoingia. Bodi za shule zinakaa na wazazi, na baadhi ya wazazi hao ndio wenye maduka tunayoyazungumzia.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Fedha za uchapishaji zimo humo, zimetawanyika idara kwa idara. Wawakilishi wa wadi wa Kitui na Makueni wazikusanye zote mahali pamoja, wazijumlishe, kisha wamwite waziri wa fedha wa kaunti na kumuuliza ni shilingi ngapi kati ya hizo zililipwa kwa mkazi mwaka uliopita, na zilichukua siku ngapi kumfikia.